Mguu wa Kukanyagia Cherehani

Nyumbani kwa Fundi,
Nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu zangu, tena zipokee ukiwa umekaa, maana najua barua zangu unazisoma ukiwa umesimama kwenye foleni ya basi. U hali gani huko? Kifua kimeacha kukubana? Na yule msimamizi wenu wa kiwanda cha kufulia, yule mwenye mdomo, bado anawasimamisha mbele ya mapasi kutwa nzima bila hata kigoda? Mimi sijambo, na nyumba nzima haijambo. Shemeji yako mzima, anakula na anakoroma. Mwanangu mkubwa, ambaye ni mwanao pia ingawa mara ya mwisho ulimbeba mgongoni, naye yupo, amenenepa na amezidi kutoa amri.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Kwenye simu mimi na wewe tunacheka tu mpaka salio linakwisha, na jambo la maana linabaki palepale. Halafu shemeji yako siku hizi habanduki pembeni yangu, na kuna jambo moja humu ambalo sitaki alisikie. Utalikuta huko mbele. Usiruke mistari, nakujua.

Uliniambia kwamba daktari wa huko naye ameitazama nundu ya mguu wako, ule mfupa uliochomoza kando ya kidole gumba, akasema ufanyiwe upasuaji. Ukaniomba nikueleze ukweli wote, nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Haya, sikiliza.

Nundu hizi tumerithi kwa marehemu Mama, hilo halina ubishi. Unavikumbuka viatu vyake? Kila kiatu kipya, kabla hajakivaa, alikikata tundu pembeni kwa wembe ili nundu ipumue. Tulikuwa tunaona haya kutembea naye, wewe ulikuwa unavuka barabara kabisa. Leo nami nina kabati zima la viatu vyenye madirisha, na najua wewe pia unavyo, hata kama husemi.

Mimi nilivumilia mpaka kidole gumba kikamlalia jirani yake kama mlevi. Kutembea ningeendelea kuvumilia. Kilichonishinda ni pedali. Unajua cherehani yangu ni ya miguu, na mguu wa kulia ndio unaoongoza, ndio mwendo na ndio breki. Ikafika mahali kila kidole kikikunjika juu ya pedali machozi yananidondoka kwenye sare za watoto wa watu. Nikapiga moyo konde, nikaenda.

Upasuaji wenyewe ni mdogo kuliko hofu yake. Walinichoma ganzi mgongoni, kuanzia kiunoni kushuka nikawa gogo. Sikulala. Waliweka pazia nisione, lakini masikio hayakuwekewa pazia. Mfupa wanaukata, wanaunyoosha, kisha wanaukaza kwa skrubu. Ndiyo, skrubu, kama ya fremu ya dirisha ila ndogo. Niliisikia mashine yao ikitoboa, nikajiambia, huyu naye ni fundi, tunatofautiana kitambaa tu.

Maumivu yanakuja ganzi ikiisha. Hapo sikufichi, niliona cha mtema kuni. Nilimwita Mama, nikamwita na shemeji yako kwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Muuguzi alicheka, akanidunga sindano, nikatulia. Siku zilizofuata zilivumilika, mradi umeze dawa kwa saa zake bila kungoja mpaka uumwe. Mguu unauweka juu ya mito, juu zaidi ya kifua. Unavaa kiatu cha soli ngumu kama ubao, vidole vinachungulia mbele. Magongo yatakuumiza kwapa, kwa hiyo yavishe sponji mapema. Kuoga ni kufunga mguu kwenye mfuko wa plastiki na kuutoa nje ya beseni kama mtu anayetaka kukimbia. Chooni sisemi, utajionea.

Na wageni! Kila aliyeingia alikuwa daktari. Mmoja anasema nisinywe maziwa, mwingine anasema ninywe maziwa tu. Muuza mayai wa pale kona alikaa saa nzima akinihadithia binamu yake aliyepasuliwa goti, kama vile goti na kidole ni kitu kimoja. Alipoondoka nikagundua kaukalia mto wangu wa mguu muda wote ule.

Sasa nakuja kwenye upumbavu wangu, na ukicheka, cheka polepole.

Siku ya kwanza ya kubadilisha bandeji niliiona mishono. Kitinda, nilisikitika. Haikuwa na nafasi sawa! Mmoja umebana, mwingine umelegea, na mwishoni kabisa wameacha fundo lenye mkia wa uzi umesimama kama sharubu. Unajua wote niliowafundisha kazi, yeyote akinipa nguo yenye mkia wa uzi namrudishia hapohapo. Nikamwambia muuguzi, huu mkia vipi? Akanijibu, "Mama, hii si suti. Iache."

Nikaiacha. Niliiacha mpaka nilipofika nyumbani. Bandeji ikawa inanasa kwenye ule mkia, nikaifungua kidogo nitazame, na kimkasi changu cha kukatia nyuzi kilikuwa shingoni kama kawaida. Kwa kweli sikuamua. Mkono umefanya kazi ile miaka yote, haukuniuliza. Nilikata mkia karibu kabisa na fundo, halafu nikauvuta uzi kidogo ili nilaze kilichobaki, kama tunavyofanya kwenye pindo. Fundo likaachia. Mshono wa pili yake nao ukalegea, na kidonda kikafungua mdomo mbele ya macho yangu.

Nilifanya nini? Nilijitia hamnazo. Nikafunga bandeji vizuri, nikaagiza chai. Nikasema kitajifunga chenyewe.

Hakikujifunga. Mguu ukaanza kuwaka, nikawa natetemeka mchana wa jua kali. Shemeji yako ndiye aliyegundua. Aliingia na sahani ya chakula, akasimama mlangoni, akanusa. Dereva wangu yule, hata kama macho yamemwacha, pua bado inafanya kazi. Aliweka sahani chini, akanibeba mgongoni hadi kwenye teksi, na mgongo wenyewe unavyoujua, ule wa miaka yote ya malori. Njiani alikuwa anahema mpaka nikasahau maumivu yangu nikawa namwonea huruma.

Daktari alipofungua akauliza nani amegusa hapa. Nikatazama dari. Akauliza tena. Nikamwambia, daktari, mimi ni fundi nguo. Alifumba macho, akavuta pumzi, kisha akasema taratibu, "Uzi ule ulikuwa na kazi." Muuguzi wangu alikuwa nyuma yake anaziba mdomo kwa faili.

Kicheko kiliishia hapo. Daktari alinieleza wazi kwamba usaha ukiwa umefika mfupani itabidi skrubu itoke, na kiungo kile huenda kikakauka moja kwa moja. Nitatembea, akasema, lakini kidole hakitakunjika. Nikamuuliza habari za pedali. Akaniuliza pedali gani. Nilipomweleza, akasema nisiiwekee matumaini mpaka picha zitoke na kidonda kipone.

Hapo ndipo nilipoogopa, mdogo wangu. Kwenye kisu sikuogopa hivyo. Nilianza kushona nikiwa sijaota hata matiti. Nikiwa na hasira nashona, nikiwa na msiba nashona, wewe ulipoondoka nilishona mpaka fundi wa jirani akaja kuniomba nipumzike. Nililala kwenye kitanda kile cha hospitali nikijiuliza nitakuwa nani nisiposhona. Nililia, nakuambia wewe tu.

Mwanao mkubwa hakungoja picha. Alikuja na mpango mkononi: cherehani iuzwe, mimi nihamie kwake nikalee wajukuu. Wajukuu nawapenda, lakini nawapenda wakija na kuondoka. Nilipokataa akasema basi tufunge mota ya umeme. Mota niliwahi kuijaribu kwa fundi wa jirani, kitambaa kilikimbia kama kimeona mbwa. Mimi kitambaa nakisikia kwa mguu. Nikiambiwa nikishone bila mguu ni kama kuniambia nionje mchuzi kwa sikio. Mwanao akasema, sawa Mama, tusubiri tuone, lakini alisema shingo upande.

Picha zilitoka, mfupa ukawa safi. Alhamdulillahi, asante Mungu, nilisema yote niliyoyajua. Skrubu ikabaki. Lakini kidonda hawakukishona tena, walikiacha kijae chenyewe kutoka chini, na hiyo ni kazi ya kusafisha kila siku na subira ambayo sina. Habari ya kidole kukunjika daktari alisema tu, tutaona.

Sasa nikiwa katika hali hiyo, sare za ile shule ya mtaa wa chini zilikuwa zimelala ndani, vitambaa vimekatwa, kola bado, mikono bado. Mkuu wa shule ni mama mkali lakini muungwana. Aliniletea matunda, akaniuliza habari za mguu, kisha akazitazama zile sare. Alipoondoka nikamwambia shemeji yako arudishe vitambaa, nimeshindwa.

Yeye alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Unajua tangu macho yalipomharibikia wakamnyima leseni, ndipo anapokaa, anasikiliza magari yanayopita barabarani na kuyataja kwa mlio. Huyu gia zinalia. Huyu amezidisha mzigo. Kutwa nzima. Nilikuwa namwonea huruma, na nilikuwa namchoka pia, acha nikuambie ukweli. Mwanamume aliyekuwa anakaa nyumbani siku mbili kwa mwezi, ghafla yupo kila siku, na hana pa kujiweka. Tulikuwa hatugombani, lakini tulikuwa hatuna la kuongea.

Basi akasema, bila kugeuka, "Kwani kinachokosekana ni nini? Miguu? Mimi ninayo miwili, haina kazi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliinuka, akaivuta cherehani kutoka ukutani akaiweka katikati ya chumba. Mimi nikakaa upande wangu, mguu mgonjwa umenyooka juu ya kigoda chenye mto. Yeye akaketi upande wa pili, ananitazama, akaingiza miguu yake chini kwa nyuma, akaiweka juu ya pedali. Nasukuma gurudumu kwa mkono kuianzisha, yeye anakanyaga, mimi naongoza kitambaa.

Siku ya kwanza ilikuwa balaa tupu. Alikanyaga kama anapandisha mlima na lori limejaa saruji. Kola ya kwanza ilipita chini ya sindano nisiione hata rangi yake. Ya pili akalegeza mguu katikati, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukajisokota chini ukakatika. Nikampigia kelele. Akasema, "Wewe hunipi ishara! Dereva haendeshi bila ishara!" Nikamwambia mimi si trafiki. Tukanuniana, tukanywa chai kila mtu na kikombe chake na ukuta wake.

Baadaye akarudi mwenyewe, akasema tupange lugha. Basi sasa, ungetusikia! Nasema "gia ya kwanza," anaanza taratibu. Nasema "tambarare," anaachia, tunanyoosha pindo refu. Nikisema "kona" anajua tumefika kwenye ncha ya kola, anapunguza mpaka sindano inashuka tone moja moja, nageuza kitambaa, "kona imekwisha," tunaondoka. Pale kwenye mikono, ambapo kitambaa ni kinene, yeye mwenyewe anausikia uzito mguuni na kusema, "Hapa pana mlima, mama." Na kweli pana mlima. Miaka yote hii mimi nilidhani ni mimi peke yangu ninayeusikia.

Huku tunashona anahadithia. Safari zake zote ambazo sikuwahi kuziuliza, na alizokuwa hanisimulii maana alikuwa anarudi amechoka, analala. Lori lililokatika breki kwenye mteremko. Yule utingo wake aliyekuwa analia akisikia taarabu. Siku alipopitiliza mji mzima kwa kunifikiria, eti alikuwa ameondoka tumegombana. Mimi sikukumbuka hata ugomvi wenyewe. Aliniambia hilo tukiwa kwenye kola, nikasahau kusema kona, tukatoka barabarani. Kola ile niliifumua.

Sare zilikwisha, zikapelekwa, mkuu wa shule akazigeuza ndani nje na hakuona kosa. Tukapata kazi nyingine. Siku hizi watu wanapita makusudi kutuchungulia dirishani, fundi wa jirani anatuita gari la madereva wawili.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni hili: nenda kapasuliwe. Usiogope. Yule msimamizi wenu atapata mwingine wa kumsimamisha, lakini wewe hutapata mguu mwingine. Omba ruhusa yako yote, usirudi kazini mapema kwa kujikaza kisabuni. Kidole kitavimba miezi, usishtuke. Utapewa zoezi la kuokota kitambaa sakafuni kwa vidole vya mguu. Lifanye kila asubuhi hata ukijiona mjinga. Mimi nilikuwa naokota vipande vya kola. Na uzi wowote utakaouona umetokeza mguuni mwako, mdogo wangu, ukate mkono wako kwanza kabla hujaugusa.

Sasa lile jambo lenyewe. Juzi shemeji yako alikwenda kunyoa. Nikabaki peke yangu na cherehani. Kidonda kimefunga, na zile kola nimeziokota nyingi. Nikavua kile kiatu cha ubao, nikauweka mguu juu ya pedali. Nikasukuma gurudumu, nikakanyaga.

Kidole kimekunjika, Kitinda! Kimekunjika! Kiliuma kidogo, maumivu ya kitu kilichokaa bila kazi, siyo yale ya zamani. Nilishona mkono mzima wa shati kutoka begani hadi mwisho, peke yangu, mwendo wangu mwenyewe, na nilipomaliza nikalia juu yake. Mguu wangu upo. Kazi yangu ipo. Mwanao na mota yake wakae huko huko.

Halafu nikasikia geti. Na unajua nilichofanya? Nikauchukua ule mkono wa shati nikausukuma chini ya lundo. Nikavaa kiatu cha ubao, nikaunyoosha mguu juu ya kigoda, nikasema uuuh kidogo alipoingia. Mtu mzima mimi! Alikuwa amenyolewa vizuri, ananukia poda. Akaketi upande wake, akaniuliza tuondoke, nikasema tuondoke.

Sijamwambia mpaka leo. Nikisema nimepona, anarudi kwenye kile kiti cha dirishani. Na mimi nitarudi kushona nikitazama ukuta. Sitaki. Ndilo lile nililokuwa sitaki kulisema kwenye simu.

Ila jana asubuhi nilipokaa kufanya kazi nikaona kitu. Kwenye pedali kuna kipande cha sponji ya godoro, kimekatwa vizuri, kimebandikwa kwa gundi na kuzungushiwa kitambaa laini. Kiko upande wangu, pale pale kinapofika kidole gumba changu cha kulia. Miguu ya shemeji yako inaingilia kwa nyuma, haifiki pale hata siku moja. Nikamtazama. Akawa anafuta miwani yake, anafuta tu, anafuta. Nikasema gia ya kwanza, tukaondoka.

Nisalimie wenzako wa chumba, na yule mama mpishi anayekuwekea chakula ukichelewa. Mwambie dada yako anamshukuru. Mwanao mkubwa anakusalimu, na wajukuu wanauliza lini utaleta zile kalamu za rangi. Mungu akutangulie hadi mlango wa chumba cha upasuaji, aingie nawe ndani, na akutoe ukiwa na vidole vyako vyote vimenyooka.

Shemeji yako amepita hapa sasa hivi na chai. Ameuliza nakuandikia nini, nikamwambia habari za mguu. Ameweka kikombe mezani, kisha akasema nikuandikie hivi, kwa maneno yake: "Mwambie haujapona. Mwambie bado sana."

Dada yako asiyekuchoka,
Fundi